Umeme wa Uwemba Utarudi Saa Kumi na Mbili

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi ya pili ya mwezi Machi, simu ya Mwalimu Manase iliita akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya Nasiri, Makambako, pua yake ikiwa ndani ya amplifaya.

Alikuwa anainusa. Ndivyo alivyoanza kukagua kila chombo: hakuuliza bei wala hakuomba kiwashwe. Alifungua kifuniko, akainama, akavuta hewa. Transfoma iliyowahi kuungua huacha harufu ya vanishi iliyokaangwa, na harufu hiyo haitoki hata chombo kikifutwa kwa spiriti. Baada ya pua ilifuata tochi. Alimulika vichwa vya skrubu kuona kama bisibisi imeshapita, akatafuta kutu ya chumvi inayoonyesha chombo kimekaa pwani, akatazama kama kapasita zimevimba vichwa. Mwisho alizungusha kitasa cha sauti kwa vidole viwili na kusikiliza kwa vidole hivyohivyo kama kuna mchanga.

Nasiri alivipata vyombo hivyo Dar es Salaam, kwenye makontena ya mitumba ya Japani, vikiwa vimebanwa katikati ya baiskeli na magodoro. Alikuwa ameegemea mlango akimtazama.

"Mwalimu," alisema, "unanunua au unaposa?"

Manase hakucheka. Alifundisha fizikia katika sekondari ya kutwa mjini Njombe, na nyumbani kwake kulikuwa na chumba kizima cha vyombo vya muziki vya Kijapani, thelathini na moja kwa hesabu ya asubuhi hiyo, vyote vya kabla ya mwaka 1982. Aliuza kimoja pale tu alipotaka kununua kingine. Alipokea simu bila kuinuka.

Alikuwa mkewe, Esteria. Alimwambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema kwamba ile amplifaya ya Sansui ya mwaka 1974 ameiuza, kwa bei ileile aliyoagizwa siku ya Jumapili, na hela imeshaingia kwenye simu. Mteja ni mwanamke mmoja wa Uwemba, anaitwa Ema. Ameondoka nayo kwa bodaboda saa saba na nusu. Waliijaribu kwanza, ikaimba vizuri kabisa.

"Boksi umempa?" Manase aliuliza.

"Boksi lipi?"

"La chuma. Lililo chini ya meza."

"Lile la kulinda? Lile ni lako, Baba Eveline. Isitoshe, amesema kwao wana stebilaiza."

Manase alikaa chini sakafuni.

Sansui ile ilitengenezwa iuzwe Japani kwenyewe, ambako umeme wa majumbani ni volti mia moja. Umeme wa Tanzania ni mia mbili thelathini. Boksi la chuma halikuwa la kulinda. Lilikuwa transfoma ya kushusha umeme, na fundi wa mjini aliyemtengenezea hakuwa na soketi za Kijapani za pini bapa, hivyo aliweka za kawaida za pini tatu. Ndipo Manase alipokata plagi za vyombo vyake vyote na kufunga za pini tatu ili viingie kwenye boksi. Tangu siku hiyo hakukuwa na chombo chake hata kimoja kisichoweza kuingia kwenye soketi ya ukutani. Alilijua hilo. Kwa sababu hiyo alifunga kitambaa chekundu kwenye shingo ya kila plagi, na alikiamini, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyevigusa vyombo hivyo.

"Na kitambaa?"

Esteria akaeleza. Yule mteja alipokiona kitambaa alirudisha mkono. Aliuliza kwa adabu kama hiyo ni dawa, maana wao ni watu wa kanisani. Esteria naye ni mwanakwaya wa Kilutheri, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaeleza wageni kwamba chumba kile chenye vitambaa thelathini vyekundu si cha mganga. Aliona aibu. Alichukua mkasi, akakikata, akakitupa kwenye jiko.

---

Manase alimwuliza mambo matatu, na akajibiwa yote. Amplifaya ni ya baba yake Ema, aliyekuwa mwalimu wa kwaya misheni, mzee mwenye kiharusi ambaye hawezi kuinuka. Spika na mashine ya santuri anavyo. Amplifaya yake ndiyo iliyokufa. Itawekwa kwenye kimeza karibu na kitanda chake ili aifikie kwa mkono wa kulia. Na kwao umeme umekatwa tangu saa tatu asubuhi kwa matengenezo ya nguzo; tangazo lilisema utarudi saa kumi na mbili jioni.

Namba ya Ema ilikuwa kwenye ujumbe wa malipo. Manase aliipiga palepale. Haikupatikana. Simu ya mtu ambaye kwao hakuna umeme tangu asubuhi ilikuwa imeishiwa chaji, na isingewaka mpaka umeme urudi.

Alimpigia mkewe tena.

"Endelea kuipiga hiyo namba. Mimi nakuja, nitakwenda Uwemba mwenyewe."

"Kuna hatari?"

"Itaharibika tu."

Hilo halikuwa kweli. Lilikuwapo jambo ambalo Esteria hakulijua. Jumanne fyuzi ya Sansui ilikatika, na Njombe nzima hakupata fyuzi ya ukubwa ule. Manase alitaka kusikiliza upande mmoja wa santuri, upande mmoja tu. Alichuna waya wa umeme, akatoa uzi mmoja wa shaba, akaufunga mahali pa fyuzi. Upande uliisha, akaweka mwingine, na waya ulibaki. Fyuzi ingekuwapo, kosa la mkewe lingeishia kwenye fyuzi: ingekatika katika nusu sekunde, na Ema angerudi kulalamika. Kwa waya ule umeme ungepita mpaka kitu kingine kiungue. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaambia wanafunzi wa kidato cha pili wasifanye hivyo, na kila mwaka aliliuliza hilo kwenye mtihani.

Angeweza kumtuma Esteria saa ileile. Kutoka Njombe hadi Uwemba kwa pikipiki ni dakika arobaini au hamsini, na zilikuwa zimebaki zaidi ya saa tatu na nusu. Lakini akilini aliiona amplifaya ikirudishwa na kufunguliwa mbele ya watu, na waya ukionekana. Alitaka aifikie yeye.

Nasiri hakuuliza mengi. Alifunga stoo, akasema pikapu ina mafuta, na kwamba kwa uso ule alioubeba Mwalimu hakuna dereva mwingine ambaye angekubali kumpakia.

---

Saa tisa kasoro dakika tano walisimama. Lori la magogo lilikuwa limelala kwenye mteremko, kichwa kikiwa upande mmoja wa barabara na tela upande mwingine. Magogo ya misindano yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye mtaro. Hakuna aliyekufa. Dereva alikuwa amekaa kwenye jiwe akivuta sigara, na watu wawili wenye msumeno walikuwa wanabishana naye juu ya nani atawalipa.

Ilikuwa inanyesha, mvua ile nyembamba ya nyanda za juu isiyo na haraka. Manase alishuka, akatazama magogo, akarudi garini. Alipiga namba ya Ema. Alishuka tena. Nasiri alimwambia aache kuyahesabu, hayapungui. Walijaribu kuzunguka kwa njia ya shamba, na pikapu ikakwama kwenye tope hadi ekseli. Ilichukua nusu saa na wanaume sita kuitoa.

Saa kumi na dakika ishirini barabara bado ilikuwa imefungwa, na Manase alimpigia mkewe.

"Mama Eveline, nenda wewe. Sasa hivi. Ikiwashwa itawaka moto."

Esteria alikuwa ameshaipiga namba ya Ema mara kumi na tisa. "Ulisema itaharibika tu," alijibu.

"Nenda."

"Yule mzee hainuki, Baba Eveline."

"Najua. Nenda."

Alivaa koti juu ya kanga na kutoka bila kufunga mlango. Kijiweni alimkuta Elius, mtu wa makamo aliyewahi kuendesha malori kabla ya kununua pikipiki, na ambaye aliheshimika mtaani kwa kutokwenda mbio. Esteria alimwambia kwamba leo aende mbio. Elius alimtazama, akamfungia kofia ngumu kidevuni mwenyewe, akawasha pikipiki.

Njiani Esteria alihesabu. Kama Ema amefika saa nane na nusu, ameshaunganisha. Mtu aliyenunua kitu kipya hangoji. Ataunganisha spika, atachomeka plagi ukutani, atabonyeza swichi aone kama labda umeme umerudi, na hatakumbuka kuizima. Yeye mwenyewe hufanya hivyo kwa redio ya jikoni; ndiyo inayomjulisha kwamba umeme umerudi. Kila alipofika hapo kwenye hesabu yake alimgonga Elius begani, na Elius alisema, bila kugeuka, kwamba anakazana.

---

Walifika Uwemba saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Esteria hakujua nyumba. Alijua jina la Ema na ugonjwa wa baba yake. Mbele ya duka moja walikuwapo wanaume wanne wamekaa kwenye kreti za soda. Aliwasalimu kwa Kibena, kamwene, nao wakaitikia kwa utaratibu wote, hali ya nyumbani na hali ya mvua, na hakuweza kuwakatisha.

Walitaka kujua ni Ema yupi. Kulikuwa na Ema wa cherehani, na Ema wa bondeni.

"Namdai mimi," alisema mmoja. "Kama wewe ndiye umekuja kumlipia, kaa hapa."

Walicheka. Esteria alisema ni yule ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya, na kicheko kikakoma, kwa kuwa Mwalimu Romani alikuwa amewafundisha wote kuimba. Nyumba yake iko mbele, walisema, mpite shamba la parachichi, bati jekundu, mkono wa kushoto.

Mwenye kreti ya mwisho alikuwa bado ananyoosha kidole pale taa iliyo juu ya mlango wa duka ilipowaka.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Umeme ulikuwa umewahi kwa dakika ishirini na mbili. Friji ya duka ilinguruma, mtu mmoja akapiga makofi, na nyuma ya duka, kwenye mashine ya kusaga ambako wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo tangu mchana, mota ilianza kuvuma. Esteria hakujua kwamba Ema alikuwa kwenye foleni hiyo, wa tatu kutoka mbele.

Pikipiki iliteleza mara mbili kwenye tope la shamba la parachichi. Mara ya pili ilianguka. Esteria hakuingoja iinuliwe. Alikimbia akiwa amebeba viatu mkononi. Alichokiona kwanza si moto. Ni bati jekundu, na chini ya bati, kwenye uwazi wa paa, moshi mweupe unaotoka taratibu, ambao ungeweza kuwa wa jiko. Alijiambia ni wa jiko. Alipofika mlangoni alinusa, na haukuwa wa jiko.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje. Alilivuta; ndani ya chumba cha kwanza kulikuwa na moshi kuanzia dari hadi kifuani. Kitu kilipasuka, sauti kavu kama ya ubao kuvunjika, kisha kingine. Sansui ilikuwa kwenye kimeza kando ya kitanda. Ema alikuwa ameifunika kitambaa cha kufumwa, cheupe, na kitambaa hicho kilikuwa kinawaka pembeni moja, moto ukipanda kuelekea kwenye pazia. Mzee Romani alikuwa amegeuzia uso ukutani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda na ulikuwa unavuta, mwili haukufuata.

"Usiishike, dada," Elius, aliyemfuata mbio, alisema nyuma yake. "Usiishike hiyo."

Alipapasa ukuta mpaka akapata swichi kuu, akaishusha. Nyumba ikawa giza. Esteria alitupa blanketi juu ya kimeza, akalikandamiza kwa mikono miwili mpaka aliposikia joto linapita, kisha wakamshika mzee kwa shuka lake, mmoja kichwani na mmoja miguuni, wakamtoa nje na kumlaza barazani. Alikuwa mwepesi kuliko Esteria alivyotarajia. Alikohoa kwa muda mrefu. Alipoweza kusema, maneno yalitoka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Imeimba neno moja tu," alisema.

---

Ema alikuja mbio akiwa na unga hadi kwenye viwiko, na nyuma yake nusu ya foleni ya mashine. Alimpapasa baba yake kichwa, kifua, mikono. Kisha alimwona Esteria amekaa kwenye ngazi na viganja vyake vimegeuzwa juu, vyekundu, na hakuelewa amefikaje pale, lakini alianza kumwomba radhi.

Majirani walikuwa wameshajua kilichotokea. Umeme umerudi na nguvu. Mwezi uliopita uliunguza friji ya mtu kule juu, na kabla ya hapo televisheni mbili. Mmoja alisema inabidi waandike barua. Ema alisema kosa ni lake, aliiacha imewashwa, alitaka baba yake asikie mara tu umeme utakaporudi, na kitu chenyewe kilikuwa kizuri, dada huyu alikitunza vizuri, na sasa amekuja kumtembelea amekuta haya.

Esteria alitazama barabara. Alikuwa anamngoja mumewe.

Pikapu iliingia saa kumi na mbili na dakika hamsini, taa zikiwaka. Manase alishuka kabla haijasimama. Alimtazama mzee, aliyekuwa ameegemezwa kwenye mto na bado anakohoa. Alitazama mikono ya mkewe. Aliingia ndani na tochi, akatoka. Majirani walimweleza kuhusu umeme uliorudi na nguvu. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Umeme ukirudi ghafla unaweza kupanda," alisema. "Hilo ni kweli." Kisha akasema ni vyema aichukue amplifaya, akaichunguze nyumbani.

Nasiri, aliyekuwa amesimama kando ya gari, aliinamisha kichwa.

"Baba Eveline," Esteria alisema, "waambie."

Manase alisema kwamba mzee anahitaji hewa na si maneno.

Basi Esteria aliwaambia yeye. Alisema umeme haukurudi na nguvu. Chombo kile si cha umeme wa huku, kina boksi lake, na boksi yeye hakulitoa kwa kuwa alidhani ni la kulinda. Kitambaa chekundu kilikuwa alama ya hatari, na alikikata kwa mkono wake, kwa aibu. Hela itarudi usiku huuhuu. Alisema yote hayo akimtazama Ema, na Ema aliacha kumfuta baba yake uso.

"Sijauliza hela," Ema alisema.

Mwanamke mmoja mwenye ndoo alisema kumbe mtu anaweza kukuuzia kifo na chenji akakurudishia. Hakuna aliyemnyamazisha. Esteria aliinamisha kichwa, akalipokea neno hilo.

Mzee Romani aliinua mkono wa kulia. Walimwinamia.

"Fyuzi," alisema. Alipumzika, akakohoa. "Yangu ya zamani ilikuwa nayo. Ya hii haikukatika?"

Swali halikuwa la Esteria, naye hakulielewa. Alimgeukia mumewe, ambaye ndiye aliyejua mambo hayo, ili ajibu. Manase alikuwa ameishika amplifaya kifuani, bado ina joto, na masizi yalikuwa yameingia kwenye shati lake. Angeweza kusema kwamba wakati mwingine fyuzi hushindwa. Hilo nalo ni kweli, hutokea.

"Haikuwamo," alisema. "Niliitoa Jumanne. Niliweka waya."

"Waya?" Ema aliuliza.

"Wa shaba. Ingekuwa na fyuzi, isingeungua hivi. Ingezima tu." Alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Kukatwa kwa kitambaa kusingekuwa na neno. Yeye hakujua."

Esteria alimtazama mumewe, kisha akatazama viganja vyake mwenyewe.

Mzee alikuwa ameanza kukohoa tena, na safari hii hakuweza kuacha. Nasiri alifungua nyuma ya pikapu bila kuambiwa. Walitandika godoro, wakambeba kwa shuka lilelile, na Ema akapanda akakaa kichwani pake. Manase aliweka amplifaya chini na kushika ukingo wa gari apande.

"Wewe hapana," Ema alisema.

Aliuachia ukingo.

Saa moja na dakika kumi na tano pikapu iliondoka kuelekea zahanati, Nasiri akiendesha polepole kwa ajili ya mashimo, Elius akitangulia kwa pikipiki kumulika njia. Esteria alikuwa amepanda nyuma. Alikuwa amekaa miguuni pa mzee, amelizuia godoro lisiteleze kwa magoti kwa kuwa mikono haikufaa, na Manase, aliyebaki nyuma, alisikia kukohoa mpaka gari lilipopinda kwenye shamba la parachichi.